Lugha Tatu na Sakafu ya Mzee Pirhonen

Ulpu Närhi alikuwa ametimiza miaka hamsini na mmoja, na katika umri wote huo hakuwahi kuona watu wazima wakigombana bure kama walivyogombana walimu wake wawili kila Jumamosi mchana, katika chumba namba nne cha chuo cha watu wazima cha Vehkasalmi. Alishaona ndugu wa tumbo moja wakitoana macho kwa sababu ya msitu wa baba yao. Alishaona wajane wawili wakigombea zamu ya sauna ya jengo, mpaka mmoja akamfungia mwenzake nje na taulo lake, theluji inamwangukia mabegani. Lakini hao angalau walikuwa na kitu cha kugombea.

"Hawa wanabishana kisu kipi kina mpini mzuri," alimwambia dada yake kwenye simu, "na samaki anawaozea mezani."

Kazi ya Ulpu ilikuwa kuwatunza wazee majumbani mwao. Kila asubuhi aliendesha gari dogo la manispaa mlango hadi mlango: vidonge hapa, uji pale, soksi za kubana miguu kwa yule, matone ya macho kwa huyu. Nyumba kumi na moja kabla ya chakula cha mchana. Kila mtunzaji alikuwa na simu ya kazi yenye programu ya zamu. Ukiingia kwa mzee unabonyeza, ukitoka unabonyeza. Programu hiyo ilijua umekaa dakika ngapi, umetembea kilomita ngapi, na kama umechelewa kurudi kutoka mapumziko ya kahawa. Jambo moja tu haikuwahi kulisema: ni mzee gani ambaye hajafikiwa na mtu. Mwezi wa Agosti mtunzaji mmoja aliugua, orodha yake ikagawanywa mbiombio, na bibi mmoja wa karibu na stesheni akasahaulika kutwa nzima bila dawa wala chai. Wakubwa wakasema watu wavumilie, mfumo unaandikwa upya. Ulikuwa unaandikwa upya kwa mara ya tatu.

Ulpu akasonya, akaenda kujiandikisha darasa la kuandika programu.

Mwalimu wa kwanza alikuwa Eerik Tolvanen, mwenye miaka sitini na mitatu na sweta la sufu lililotoboka kiwiko. Miaka thelathini aliandika programu za kuendesha mitambo ya karatasi, zote kwa lugha ya C, na kwake lugha nyingine zote zilikuwa mapambo. "Asiyejua kumbukumbu ya kompyuta inakaa wapi," alipenda kusema, "huyo ni abiria. Asijiite dereva."

Wa pili alikuwa Tuukka Sarpila, kijana wa miaka ishirini na tisa aliyefanya kazi ya kampuni moja ya mji mkuu akiwa nyumbani kwake, miguu ndani ya soksi. Yeye dini yake ilikuwa lugha changa iitwayo Rust. "Kuandika C siku hizi," alimjibu Eerik mbele ya darasa zima, "ni kuendesha gari bila mkanda, halafu unajisifu eti hujafa."

Chuo kiliogopa kuchagua, kikawapa darasa moja wote wawili. Kila mmoja alifundisha saa moja na nusu, na nusu ya muda huo aliutumia kumponda mwenzake. Wanafunzi walianza kumi na wawili. Ilipofika Januari walibaki saba.

Ulpu alijaribu C kwa wiki tatu. Aliandika programu ndogo ya kuuliza jina la mtu na namba ya mlango wake. Siku nyingine ililitoa jina likiwa na mkia wa takataka, siku nyingine ilikufa tu, kimya, bila hata kuaga.

"Imekufa kwa nini?" aliuliza.

"Umegusa kumbukumbu isiyo yako," Eerik akasema.

"Ya nani, sasa?"

"Si yako."

"Kompyuta nimeinunua mimi, mwalimu."

Eerik alimtazama kama mtu anavyomtazama paka aliyekalia gazeti.

Ulpu akahamia kwa Tuukka. Lugha ya Tuukka haikufa hovyo. Yenyewe ilikataa hata kuanza. Ilikuwa na mkaguzi ndani yake, na mkaguzi huyo alisoma kila mstari kabla ya kuuruhusu. Kwa mistari kumi na mmoja ya Ulpu, mkaguzi aliandika makaripio ya mistari arobaini: hiki umeshamkabidhi mwingine, huwezi kukishika tena; kile umekiazima, hukukirudisha.

"Mama mkwe wangu alikuwa hivi hivi," Ulpu akasema. "Ila yeye akimaliza kukaripia alikuwa anapika."

"Anakukaripia kwa faida yako," Tuukka alisema.

"Naye alisema hivyo hivyo."

Mwisho alichukua kitabu kwenye maktaba ya mji na kujifunza Python peke yake, lugha ambayo hakuna kati ya walimu wale aliyeifundisha. Hapo mambo yakamnyookea. Mstari ukiusoma unakuambia wenyewe unafanya nini, karibu kama maelekezo ya kuoka mkate. Wiki ya kwanza tu alikuwa na programu inayosoma orodha ya wazee na kuipanga kwa mitaa.

Siku alipoionyesha darasani, ndipo walimu wale walipokubaliana kwa mara ya kwanza.

"Lugha ya watoto," alisema Eerik.

"Baiskeli yenye magurudumu ya pembeni," alisema Tuukka. "Na ni nzito. Kazi hiyo hiyo lugha yangu inaifanya kwa kasi mara hamsini."

"Nina wazee mia moja na wanne, kijana," Ulpu akamwambia. "Hawana haraka. Mbio za kwenda wapi?"

Programu yake ilikuwa ya mistari sitini tu. Kila saa kamili, mfumo wa manispaa ulitoa orodha kwenye kompyuta ya chumba cha watunzaji: namba ya mlango, saa ambayo mzee anapaswa awe amefikiwa, na saa aliyofikiwa, kama amefikiwa. Programu ya Ulpu iliisoma orodha hiyo, ikaangalia sasa ni saa ngapi, na kumtaja kila ambaye muda wake umepita na hajaonwa. Msimamizi wao, Marketta Ihalainen, aliikubali kwa mwezi mmoja wa majaribio, kwa sharti kwamba majina ya watu yasiingie humo, namba za milango tu.

"Haya, tuone mchezo wako," Marketta alisema, midomo ameibinua.

Mchezo ukafanya kazi. Wiki mbili za mwanzo ulimnasa bibi mmoja asiyetiwa matone yake ya mchana, na mzee mmoja aliyepitwa na chakula. Jumamosi darasani Ulpu aliuwasha mbele ya wote kwa nakala ya orodha, saa saba, kisha saa nane, na kila mara ulijibu sawasawa. Kichwa kikamvimba. Aliwatazama walimu wake wakivutana kuhusu jambo ambalo hata sasa hakulielewa, akafikiri: wana miaka arobaini ya kazi hii wakijumlishwa, na mimi na kitabu cha maktaba nimeshawasaidia watu wawili. Hata kwa wazee wake alijisifu.

Mmoja wao alikuwa Aarne Pirhonen wa mlango wa thelathini na nane, mpima ardhi mstaafu mwenye miaka themanini na minane na ulimi usio na kutu.

"Nasikia unasoma lugha," alimwambia siku moja akivishwa soksi. "Kiswidi? Katika umri huo? Adhabu ya nini?"

"Lugha ya kompyuta, Aarne."

"Aa. Na hiyo kompyuta inakujibu?"

"Inaniambia nani hajapata huduma. Wewe sasa huwezi kusahaulika."

"Mke wangu aliniahidi hivyo pia," mzee alisema, "kisha akafa kabla yangu."

Ikaja Alhamisi moja ya Februari, baridi nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri, magari mengine yamegoma kuwaka. Saa nne kamili programu ya Ulpu iliandika: Hakuna aliyechelewa. Saa tano kamili ikaandika tena: Hakuna aliyechelewa. Ulpu alikuwa amepita ofisini kuchukua bandeji, akajimiminia kahawa, akaitazama ile sentensi kwa raha. Halafu, kwa kuwa orodha yenyewe ilikuwa imechapwa na kuachwa mezani, akaipitisha macho bila kukusudia. Mlango wa 38, afikiwe kabla ya 9:30, yaani saa tatu na nusu ya asubuhi. Mbele yake palikuwa patupu.

Hakumaliza kahawa.

Mlango aliufungua kwa ufunguo wa kazi. Aarne alikuwa chini jikoni, kando ya meza, amejivutia zulia la kamba na kujifunika nalo. Midomo ilikuwa imebadilika rangi.

"Umekuja kuniinua au kunizika?" sauti ilikuwa nyembamba kama uzi.

"Usiongee. Umeanguka saa ngapi?"

"Redio ilikuwa inasoma habari za saa mbili. Nimesikiliza za saa tatu, za saa nne, na za saa tano. Hakuna jipya duniani." Akavuta pumzi. "Leo zamu ya nani?"

"Anttoni. Anaumwa. Hatukujua kwamba hakuna aliyepewa nyumba yako."

"Na ile mashine yako? Yenyewe ilisemaje?"

Ulpu alikuwa amepiga magoti akimfunika kwa blanketi, simu ya dharura imebanwa begani. Angeweza kudanganya.

"Ilisema hakuna aliyechelewa."

Mzee akafumba macho. "Basi mimi ndiye huyo Hakuna," alisema.

Nyonga ilikuwa imevunjika. Gari la wagonjwa lilipoondoka, Ulpu aliketi ndani ya gari lake injini ikinguruma. Alipofika ofisini Marketta hakupaza sauti. Alisema neno moja tu, "Izime," na Ulpu akaizima.

Ijumaa ilikuwa siku yake ya mapumziko. Alikaa mezani jikoni kwake tangu asubuhi, akaichambua programu mstari mmoja mmoja kama mtu anayechambua mchele wenye mawe. Ilipofika saa sita alikipata kijiwe. Aliiuliza kompyuta swali moja fupi: je, 10:00 ni baada ya 9:30? Ikamjibu: hapana.

Akaliandika swali tena. Hapana.

Ilikuwa sawa kabisa, kwa akili yake yenyewe. Saa zilitoka kwenye orodha zikiwa maandishi, naye alizilinganisha zikiwa maandishi hivyo hivyo. Kompyuta ilizipanga kama maneno yanavyopangwa katika kamusi, herufi ya kwanza kwa herufi ya kwanza, na moja hutangulia tisa. Mchana, saa zote zikiwa na tarakimu mbili mbele, hakuna kilichoharibika. Lakini kila mzee wa asubuhi, aliyepaswa kufikiwa kabla ya saa nne, alikuwa anafutika kimya kimya saa nne ikigonga. Kwa wiki mbili nzima, tangu saa nne na kuendelea, mashine ile haikuwahi kumlinda mzee wa asubuhi hata mmoja. Walikuwa wakilindwa na bahati.

Jumamosi aliwaeleza darasa lote, akiwa amesimama, bila kuficha kitu. Alitegemea aibu. Hakutegemea kwamba walimu wake wangefurahi.

"Ndicho nilichokuwa nasema!" Tuukka alipiga meza. "Lugha isiyokagua aina ya vitu, haya ndiyo matokeo yake. Yangu isingekuruhusu."

"Anayejua saa imekaaje ndani ya kumbukumbu hawezi kukosea hivyo," Eerik akasema. "Wewe ulikuwa abiria."

Ulpu aliwatazama wote wawili. Mzee yuko hospitali na skrubu kwenye mfupa, na hawa wanagawana ushindi.

"Andikeni, basi," alisema.

"Nini?"

"Hicho hicho. Saa zile mbili, 9:30 na 10:00, zikiwa maandishi kama nilivyozipata mimi. Kila mtu kwa lugha yake. Mara nyingi mnaandika ubaoni vitu visivyo na mwenyewe. Hiki kina mwenyewe, yuko wodini."

Hakuna aliyeweza kukataa mbele ya watu. Eerik aliandika upesi, vidole vya mzoefu, na programu yake ikatoa jibu. Akalitazama, akakunja uso, akagundua kwamba alichokuwa amelinganisha ni mahali maneno yale yalipohifadhiwa, wala si maneno yenyewe. Masikio yakamwiva. Akafuta, akatumia njia inayofaa ya kulinganisha maandishi. Mashine ikasema: 10:00 hutangulia 9:30.

Zamu ya Tuukka. Yule mkaguzi wake, aliyemwandikia Ulpu makaripio ya mistari arobaini kwa kuazima kitu bila kukirudisha, aliusoma mstari ule na kuupitisha bila hata kukohoa. Programu ikaanza vizuri, kwa kasi ya kupendeza, na kwa kasi hiyo hiyo ikasema: 10:00 hutangulia 9:30.

Nyuma kabisa aliketi Henriikka, mpeleka barua mstaafu ambaye tangu Septemba hakuwa amesema zaidi ya "siku njema".

"Kwa hiyo mzee yuko sakafuni kwa lugha zote tatu," alisema.

Mtu mmoja alicheka, kisha wote, isipokuwa waliokuwa mbele.

"Hii si haki," Tuukka alisema. "Mimi nisingeziacha saa zikae kama maandishi. Ningetumia aina maalumu ya wakati."

"Umetumia nini hapo?"

"Nimefuata... nimefuata jinsi ulivyosema."

"Hata Python ina hiyo aina ya wakati, kijana. Iko ukurasa wa tisini wa kile kitabu. Niliuruka kwa sababu nilikuwa na haraka ya kuja kuwaringia. Sasa tukishamaliza kuisingizia lugha, nani atanifundisha jinsi ya kujua nimekosea kabla mtu hajaanguka?"

Eerik alikuwa amekaa akivuta uzi wa kiwiko cha sweta lake. Alipozungumza, hakumtazama mtu.

"Mwaka tisini na moja niliandika hesabu ya kusimamisha roli moja ya kuviringishia karatasi kiwandani. Nilihesabu kuanzia sifuri mahali pa kuhesabu kuanzia moja. Roli ilichelewa kusimama, kidogo tu. Mtu mmoja alipoteza vidole viwili. Nilisema ni kihisio, kile kifaa cha kupima mzunguko, ndicho kibovu. Wakabadilisha kihisio. Nami nikarekebisha hesabu yangu siku hiyo hiyo, hakuna aliyejua."

Kwa muda wa pumzi chache ile dharau yote iliyokuwa imejaa chumbani tangu Septemba ilikosa pa kukaa.

Ni Tuukka aliyezungumza, na kwa mara ya kwanza aliuliza swali asilokuwa na jibu lake. "Hii programu uliijaribu saa ngapi?"

"Hapahapa. Saa saba, saa nane."

"Asubuhi hukuijaribu?"

"Asubuhi niko kazini."

"Basi ndiyo hiyo," alisema, akavuta kiti karibu na chake. "Hakuna haja ya kungoja asubuhi ifike. Tunaidanganya saa. Tunaipa kila saa ya siku, moja baada ya nyingine, na kila moja tunaiambia jibu tunalolitegemea."

Walikaa mpaka mlinzi wa jengo alipokuja kutikisa funguo. Saa zote zikageuzwa kuwa dakika tangu saa sita ya usiku, namba halisi, na majaribio ishirini na manne yakapita. Eerik aliyasoma yote kwa miwani puani, akasema lugha bado ni ya kitoto. Lakini alisema akiwa ameshika kalamu, anamwandikia jaribio la ishirini na tano.

Msijidanganye kwamba walipatana. Machi chuo kilitoa fomu kuuliza lugha ipi ifundishwe kwanza mwaka ujao, na siku hiyo hiyo wakabwatukiana koridoni hadi mwalimu wa ushonaji akafunga mlango wake. Ulpu kwenye fomu yake aliandika: "Ile ambayo mwalimu wake anakubali kuonyesha makosa yake mwenyewe." Chini yake akaongeza kwamba Septemba atajiandikisha tena, kwa lugha ya Tuukka. Dada yake alishangaa.

"Si ulisema ni mama mkwe?"

"Ni mama mkwe. Lakini nimeshachoka kukaripiwa baada ya kufika barabarani. Makosa mengine anayakamata mlangoni. Hili langu asingelikamata, ila mengine."

Aarne alirudi nyumbani mwishoni mwa mwezi huo, amekonda, na kigari cha kutembelea alichokichukia. Ulpu alimpelekea supu ya samaki, akamweleza ukweli wote: kwamba haikuwa mashine, ni yeye. Mzee alisikiliza akila. Hakusema amemsamehe, wala Ulpu hakuuliza.

"Nionyeshe," alisema, akisukuma bakuli kando.

"Nini?"

"Hiyo iliyoniita Hakuna. Miaka arobaini nimepima mipaka ya watu. Watu hawaibi ardhi katikati ya shamba, wanaiba pembeni. Nionyeshe pembe zake."

Ulpu akafungua kompyuta, akamwonyesha jinsi saa zinavyogeuka dakika. Aarne aliinamia kioo, kidole chake chenye mafundo kikifuata mistari. Hakujua lugha ile hata neno moja, na alikwenda taratibu sana.

"Na watu wa usiku?" aliuliza hatimaye. "Yule Impi wa ghorofa ya chini hugeuzwa kitandani saa tano na nusu ya usiku. Asipogeuzwa, na sasa ni saa sita na dakika kumi, dakika zako zinasema nini?"

"Zinasema..." Ulpu akahesabu. Saa tano na nusu ya usiku ni dakika elfu moja mia nne na kumi. Saa sita na dakika kumi siku imeanza upya, ni dakika kumi tu. Kumi haijazidi elfu moja mia nne na kumi.

Alitoa tusi la Kifini ambalo hakuwahi kulitoa mbele ya mzee yeyote kazini.

"Enhe," alisema Aarne, akarudisha bakuli lake la supu karibu. "Sasa na hiyo utaisingizia nani?"

Ulpu alikuwa ameshaanza kuandika. Mwezi wa Mei Marketta aliiruhusu programu irudi, midomo bado ameibinua, kwa sharti kwamba kila saa mtu mmoja asimame na aipitie orodha kwa macho yake pia. Ulpu alisema sharti hilo ndilo alilokuwa akitaka kulitoa yeye mwenyewe.